Salamu kutoka Kimo cha Sisimizi

Kama unasoma haya ukiwa umeketi kwenye benchi la mbao nje ya dirisha la dawa, kadi mkononi, chupa ya maji mapajani, basi nakuandikia wewe. Wengine wanakaribishwa, lakini wavumilie. Mimi nimelikalia benchi hilo mwaka mzima na siku kumi. Nimetoka. Natembea. Leo asubuhi niliinama nikafunga kamba za viatu, nikazifungua, nikazifunga tena, bila sababu yoyote.

Sitakueleza ugonjwa unavyofanya kazi mwilini. Hayo watakueleza wenye makoti meupe, tena vizuri kuliko mimi. Mimi nina habari za mgongo wangu, za kikombe kilichofungwa uzi mwekundu, za bibi yangu wa Kilolo, na za mtu mmoja mwenye kimo cha sisimizi.

Ulianza kama uchovu wa kukaa. Naandika riwaya, na mtu anayeandika riwaya hulaumu kiti kabla ya kulaumu mwili. Nilibadilisha kiti, nikabadilisha meza, nikahamia kitandani na daftari. Nguo zikaanza kunipwaya. Asubuhi nikawa naamka shuka limelowa, na Mbeya yetu hii si mji wa kumtoa mtu jasho. Halafu siku moja nilikuwa Mwanjelwa nachagua viazi, muuzaji akaniambia, kwa upole kabisa, “Dada, ndala imekutoka.” Nikageuka. Ndala yangu ya kulia ilikuwa hatua nne nyuma yangu, kwenye tope, na mguu haukuwa umeniambia chochote.

Zikafuata wiki za kungoja. Nimengoja kwenye korido zenye rangi ya kijani mpaka kiunoni na nyeupe juu. Nimengoja nimelala kwenye kitanda cha magurudumu, nikihesabu misumari ya dari. Mwishowe daktari aliinua picha ya mgongo wangu kwenye mwanga, akapitisha kidole taratibu, akakisimamisha mahali ambapo pingili mbili zilikuwa zimeliwa kama muhindi.

“Ni kifua kikuu,” akasema, “ila chako hakiko kifuani.”

Mama, aliyekuwa ameketi pembeni yangu, akauma ncha ya kitenge chake.

Niliuliza swali moja tu, la miguu. Daktari hakuharakisha kujibu, na hilo nilimheshimu. Alisema nitameza dawa mwaka mzima, nitalala sana, nitavaa mkanda mpana wa kushika mgongo. Kutembea vizuri, alikuwa na matumaini. “Kuinama na kuchuchumaa,” akasema, “tutaona.”

Mama yangu ni Mhehe wa Kilolo, na kwao mwanamke huchuchumaa kumsalimia mkubwa wake. Hufundishwi hilo, unakua nalo kama unavyokua na jina. Kwa hiyo neno lile “tutaona” nililibeba nyumbani kuliko maneno mengine yote.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya mvua. Machi na Aprili mvua ilipiga bati kutwa, na mimi chini yake nilikuwa nimelala chali kama mbao iliyoachwa kukauka. Vidonge vilikuwa vinne kila asubuhi. Nilijifunza kunywa uji nusu bakuli baadaye, nusu ndizi kabla, na kutomsikiliza mtu anayekaanga vitunguu. Mkojo uligeuka rangi ya soda ya chungwa. Muuguzi alikuwa amenionya, nikacheka. Hakunionya kuhusu machozi. Siku niliyolia niliona doa la rangi ya chungwa kwenye foronya, nikaacha kulia ili nilitazame vizuri. Wewe likikutokea usiogope, ni dawa inapita.

Kilichoniliza ni kikombe. Mama alikuwa amefunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe kimoja, na ndicho alichoniletea kila mara. Sahani yangu nayo iliwekwa peke yake. Muuguzi wa dirishani alimweleza mbele yangu kwamba ugonjwa wangu uko mfupani, haukohoi, hauendi kwa mtu. Mama aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akarudi nyumbani, na uzi ukabaki palepale. Jioni ile nikamsikia akiongea na Bibi kwenye simu, akimwambia niko safarini, kwenye semina za waandishi, kwamba Atupele, yaani mimi, mambo ni mengi siku hizi. Nilikuwa chumba cha pili, nimefungwa mkanda kuanzia makwapani mpaka nyongani.

Sikumuuliza. Nilijua kisa cha kaka yake, Mjomba Festo, aliyekufa kwa kukohoa kabla sijazaliwa, na namna majirani walivyoacha kuingia nyumbani kwao. Nilijua, na bado nilimkasirikia. Mtu anaweza kufanya yote mawili akiwa amelala chali, muda upo.

Nilichokosa ni maneno. Kitabu kilinichosha mikono. Nikisomewa, sentensi ilipotea kabla ya nukta. Riwaya yangu nilikuwa nimeiacha mahali ambapo mwanamke amesimama mlangoni, na miezi ikapita amesimama tu, maskini, hajui aingie au aondoke.

Hapo ndipo alipoingia Salum. Ana duka la kutengeneza kompyuta pale Mwanjelwa. Babu yake alikuja kutoka pwani na majora ya vitambaa, na Salum husema yeye amerithi kaunta tu. Yumo kwenye kikundi chetu cha wasomaji wa Jumamosi, na ndiye anayekosoa hadithi zangu bila huruma. Alikuja na kompyuta, na kimeza alichokigongomea mwenyewe ili kikae juu ya tumbo la mtu aliyelala.

“Kusoma huwezi, kuandika huwezi,” akasema. “Kulalamika tu ndiko umebaki nako, na hata huko unajirudia. Cheza hii.”

Ulikuwa mchezo wa mtu aliyepungua akawa na kimo cha sisimizi, akaachwa kwenye bustani ya nyumba ya watu. Basi. Hana wa kumpiga wala wa kumwokoa. Kazi yake ni kupona siku hiyo. Anywe umande kwenye jani kabla jua halijaukausha. Akate majani akajenge kibanda. Ajifiche buibui akipita. Akizidiwa, anaamka tena pale alipolala mara ya mwisho, akiwa na njaa na kiu, anaanza upya.

Mwanzoni nilikuwa nakufa kila baada ya dakika tano. Nilikufa kwa kiu hatua mbili kutoka kwenye tone. Nilikufa kwa kuliwa na kitu ambacho kule Rungwe, kwa baba, tulikikanyaga tukienda shule. Lakini pole pole nikaanza kuishi. Nilielewa sheria za mtu yule kwa sababu zilikuwa zangu: usitembee kuliko nguvu ulizo nazo, kunywa kabla hujasikia kiu, jua utalala wapi kabla hujaondoka. Siku ambazo chooni palikuwa mbali kama Iringa, kule bustanini nilivuka shina la muwa na kujiona shujaa. Na palikuwa na kitufe kimoja, herufi C. Ukikibonyeza, mtu yule anachuchumaa. Nilikibonyeza mara nyingi kuliko mchezo ulivyohitaji. Chini, juu. Chini, juu. Magoti yake hayakulalamika hata mara moja.

Mwezi wa tano vidonge vilipunguzwa vikawa viwili, na mizani ya kliniki ikaonyesha kilo tatu zaidi. Nilimwomba muuguzi anipime tena, akanipima tena. Mwezi huohuo Bibi akapiga simu: pareto imeiva, vibarua hawapatikani, Anjelina aje amsaidie kuchuma. Anjelina ni mama yangu. Kuniacha asingeweza, na kunipeleka hakutaka. Tukaenda Julai, na boksi langu la dawa na barua ya kuhamishia kadi, Salum akiendesha gari la binamu yake, mimi nimelala kiti cha nyuma na mito minne. Pale Nyololo tulisimama kununua mahindi ya kuchoma. Wanawake wauzaji walichungulia dirishani wakaniona nimelala, mmoja akanipa pole ya ujauzito. Nikaipokea.

Baada ya Nyololo, Mama akageuka kutoka mbele. “Bibi yako asijue. Sema ulianguka ngazini.”

“Nyumba yetu haina ngazi, Mama.”

“Basi usiseme kitu.”

“Na kumsalimia?”

Akatazama barabara. “Utasalimia haraka haraka.”

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mwembamba, na sweta mbili moja juu ya nyingine, na mbele yake maua ya pareto yameanikwa kwenye maturubai uani pote. Ukungu wa Kilolo ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Mama alichuchumaa. Salum, ambaye kwao hawana desturi hiyo lakini ana akili za dukani, alichuchumaa mpaka magoti yakalia. Mimi nilisimama wima ndani ya mkanda uliofichwa na koti, nikasema, “Kamwene, Bibi.”

Bibi akasema, “Eeh.” Akamgeukia Salum kumuuliza habari za njiani.

Siku nne hakunisemesha. Alinipa chakula, alinipa blanketi, lakini maneno hakunipa. Kwa jirani nilimsikia akisema mjukuu wake amerudi msomi, anasalimia amesimama kama bwana shamba, na kijana wa Kiislamu wa Mbeya ndiye aliyemheshimu. Mama alisikia pia. Alizidi kuchuma pareto, akitoka na ndoo kabla ukungu haujainuka, akirudi na vidole vya njano. Na mimi nilikuwa na kikombe changu. Kilisafiri nasi, uzi na yote.

Siku ya tano manyunyu yalianza mchana, wakakimbia kuingiza maua ndani. Bibi aliyamwaga sebuleni, karibu na godoro nililolalia, akakaa kwenye kigoda kuyapekua yaliyolowa. Mimi nilikuwa nacheza. Nilimsikia ameacha kupekua.

“Hako kanafanya nini?”

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu ile “Eeh.” Nikamwambia kanajificha, buibui anakatafuta.

“Buibui hatafuti,” akasema. “Buibui anangoja. Aliyetengeneza hiyo hajalima hata tuta moja.”

Akasogeza kigoda. Akauliza kamtu hako ni ka nani, mama yake yuko wapi, kanakula nini. Alipoona sisimizi mkubwa kuliko kamtu, akaguna. Akataka kujua kama huko bustanini wana pareto. Nikamwambia hawana.

“Basi wanataka kuliwa wenyewe.”

Maisha yake yote amelima ua linaloua wadudu, na sasa alikuwa anamtazama mtu anayeishi kati yao bila ua hata moja. Alianza kuniongoza. Pita kule kwenye majani mapana. Usipite wazi, una haraka gani? Yule mende mwache, hana habari na wewe. Nilimtii, na kweli tulifika mbali kuliko nilivyowahi kufika, mpaka chini ya uyoga kando ya ukuta wa nyumba. Hapo buibui akatokea. Nikabonyeza herufi yangu. Kamtu kakachuchumaa chini ya uyoga, kakatulia tuli, na yule mnyama akapita juu yetu mguu baada ya mguu mpaka akaisha.

Bibi alitoa pumzi. Kisha, bila kunitazama, akiokota ua moja na kulitupa kwenye yaliyolowa, akasema, “Kumbe hata hako kanajua kuchuchumaa.”

Ningeweza kukaa kimya. Nilikuwa nimeagizwa kukaa kimya. Badala yake nilivua koti, nikainua blauzi, nikamwonyesha mkanda, kisha nikafungua vifungo vyake vitatu, kimoja kimoja, nikageuka ubavu ili aone mfupa uliotokeza. Nikamwambia ugonjwa kwa jina lake. Nikamwambia kuhusu ndala ya Mwanjelwa. Nikamwambia daktari amesema kuchuchumaa tutaona.

Hakutoa machozi kama nilivyotegemea. Alinifunga mkanda upya, vibaya, akiubana upande mmoja, halafu akaita kwa sauti ya shambani, “Anjelina. Njoo.”

Mama alikuja na mikono yake ya njano, akaona koti liko chini, akajua.

“Umenifanya nimnunie mgonjwa,” Bibi akamwambia. “Siku nne. Ndani ya nyumba yangu.”

“Niliogopa, Mama. Ya Festo.”

“Ya Festo unayajua wewe? Ulikuwa mdogo.” Bibi alikuwa amekwisha kukiona kikombe, kando ya godoro, na uzi wake. Akakiinua. “Festo tulimtengea kikombe cha bati, kimetoboka ukingoni. Tukimwekea chai inavuja. Hakuna aliyempa kingine. Nakiona hicho kikombe mpaka leo, sura ya mwanangu imeanza kunipotea lakini kikombe nakiona.”

Akajaribu kuukata uzi kwa meno. Bibi ana meno matano, na hayakutani. Alihangaika nao kidogo, kisha akamkabidhi Mama kikombe.

“Kata wewe. Una meno.”

Mama alikishika muda mrefu. Nilifikiri atakwenda kutafuta kisu. Akainamisha uso, akaukata kwa meno, akautema mkononi. Kisha akakaa chini kati ya maua yaliyolowa, akaniambia, kwangu, si kwa Bibi, “Nilijua haukohoi. Muuguzi alinieleza vizuri kabisa. Mikono yangu ndiyo ilikuwa haijui.”

Nikamwambia najua. Hatukukumbatiana, mkanda haukuruhusu. Alinimiminia chai.

Kesho yake asubuhi nilitoka uani, nikamkuta Bibi anajikokota kupanda msingi wa nyumba, pale baraza linapoinuka kama nusu mita kutoka ardhini. Nikadhani anatafuta kitu. Alipofika juu akageuka, akashika nguzo, akasubiri.

“Haya,” akasema. “Sasa uko chini yangu. Salimia.”

Nikasema kamwene, kutoka huko chini, nimesimama wima kama mlingoti. Akaniitikia kirefu, akaniuliza habari za mgongo, za vidonge, za kamtu, akaridhika, akashuka. Kila asubuhi mpaka Septemba alipanda. Ana magoti mabovu kuliko yangu. Nilimkataza, akaniambia nyumba ni yake na msingi ni wake.

Tuliporudi Mbeya, alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Kwanza aliuliza kamtu kanaendeleaje. Nikishamweleza, ndipo aliuliza, “Na wewe?” Hakuna mtu aliyenipa pole nzuri kuliko hiyo, ya kuniweka wa pili.

Desemba, mwezi wangu wa kumi wa dawa, mkanda ulivuliwa. Mwili wangu chini yake ulikuwa mweupe na mlaini kama wa mtoto aliyetolewa kwenye mbeleko. Mtaalamu wa mazoezi alinifundisha kushika fremu ya mlango na kushuka kidogo, kuishia pale maumivu yanapobisha hodi, kisha kupanda. Mama alisimama nyuma yangu na penseli. Wiki hadi wiki alichora mstari pale kichwa changu kilipofika. Watu huwachorea watoto mistari hiyo mlangoni kwenda juu. Yetu ilikuwa inashuka. Wiki nyingine ulishuka unene wa kidole. Wiki mbili za Januari haukushuka hata kidogo, na nikamwambia Mama huenda daktari alishaona. Mama akanoa penseli.

Kidonge cha mwisho nilikimeza Machi, mvua ikipiga bati vilevile. Muuguzi aliandika kwenye kadi neno moja, akaligonga muhuri, akaniambia nisirudi kukaa kwenye benchi lake labda niwe nimekuja kumsalimia. Nilirudisha kompyuta. Salum alinitazama ninavyoiweka kaunta, nikiinama, akasema watu wa kawaida wakiazima hukaa na kitabu mwezi, mimi nimekaa na bustani nzima mwaka. Mchezo sikuumaliza. Kamtu bado kako chini ya uyoga, kando ya ukuta, kazima. Mwanamke wangu wa kwenye riwaya ameingia ndani ya nyumba. Aliingia wiki iliyopita, ukurasa mzima.

Kisha tukaenda Kilolo, mimi na Mama, nimekaa kitako njia nzima. Mianzi ilikuwa inatoa ulanzi, maji yake ya pombe, vikopo vimening'inizwa kila bua lililokatwa. Bibi alituona tunaingia uani na akaanza safari yake ya kupanda msingi, mkono mmoja kwenye nguzo.

“Bibi, shuka,” nikasema.

Akasimama, mguu mmoja juu, mmoja chini.

Nilichuchumaa pale pale, kwenye nyasi zilizolowa, bila mlango wa kushika. Magoti yalilia kama ya Salum. Mgongo ulikaza, ukafikiri, ukakubali. Nikasema kamwene.

Bibi aliitikia taratibu, neno kwa neno, mpaka mwisho wake, akaongeza habari za ng'ombe na za mvua, kwa makusudi kabisa, anipime. Halafu akasema, “Inuka basi, chai inapoa.”

Sikuinuka mara moja. Pale chini, usawa wa macho yangu, tone la umande lilikuwa limening'inia kwenye ncha ya jani, na nyuma yake sisimizi mmoja alikuwa anapita, amebeba kitu cheupe, hana haraka. Nilimwachia apite kwanza.